Hana Alikula Kabla ya Jibu

SOMO LA WIKI: Furaha ndani ya kusubiri
MAANDIKO: 1 Samweli 1:1-20, Habakuki 3:17-18, Yakobo 5:7-11
KUSUDI: Kujifunza kwamba furaha ya Mungu haingoji jibu lifike, na kwamba saburi si kukaa tu na kunyamaza.



Somo la wiki hii halikutoka kwenye ratiba yetu. Lilitoka mlangoni mwa kanisa. Jumapili moja, baada ya ibada ya pili, nilikuwa nimesimama pale mlangoni nikisalimia watu, vile huwa tunafanya. Siku hiyo nilikuwa nimehubiri kuhusu kusubiri, na nilikuwa nimerudia mara nyingi ile methali yetu, mvumilivu hula mbivu. Watu waliitikia amina kwa nguvu. Nikajiambia, leo Neno limeshuka.

Dada mmoja akanishika mkono na hakuuachilia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Pasta, huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nifunge ndoa. Umesema mvumilivu hula mbivu. Sawa. Na kabla ziive, anakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Tutaomba, dada yangu," kama vile sisi wahubiri husema tukikosa la kusema. Lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani, likakaa na mimi mezani, likalala na mimi. Ameniruhusu niliandike hapa. Jina lake nimelihifadhi, lakini swali ni lenu pia. Kuna anayesubiri mtoto. Kuna anayesubiri kazi na vyeti vyake vimeanza kuwa vya manjano. Kuna mama anayesubiri kijana wake aache pombe. Kuna mgonjwa anayesubiri matokeo ya daktari. Wote wanaambiwa wasubiri. Hakuna anayewaambia watakula nini wakisubiri.

NINA DENI LA KULIPA KWANZA

Kabla sijaendelea, wacha nitubu mbele yenu. Katika kesha la tarehe 31 Desemba, miaka mitatu mfululizo, nilimwita dada huyu mbele pamoja na wengine. Nikawawekea mikono. Nikasema kwa kipaza sauti kwamba kesha lijalo watakuja na watoto mikononi. Kanisa likapiga vigelegele. Lakini Mungu hakuwa ameniambia tarehe yoyote. Nilisema kwa sababu nilitaka wafurahi, na kwa sababu usiku kama ule watu husubiri pasta aseme kitu kikubwa.

Desemba ilirudi mara tatu. Alikuja mikono mitupu mara tatu. Mara ya tatu alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akaondoka kabla ya saa sita ya usiku. Mimi nilikuwa nimeshasahau. Yeye alikuwa anahesabu.

Wahubiri wenzangu mnaosoma gazeti hili, tusikilizane. Ukimpa mtu tarehe ambayo Mungu hakutoa, unamwongezea mzigo. Tarehe ikipita, hatakulaumu wewe. Atajilaumu mwenyewe kwamba imani yake ni ndogo, ama atamlaumu Mungu kwamba ni mwongo. Kwa hiyo somo hili ninaliandika kama mdaiwa.

1. HANA ALIISHI KATIKA KUSUBIRI KWA MIAKA

Fungua 1 Samweli sura ya 1. Elkana alikuwa mtu wa nchi ya milima ya Efraimu. Alikuwa na wake wawili, Hana na Penina. Penina alikuwa na watoto, Hana hakuwa nao. Kila mwaka familia nzima ilipanda kwenda Shilo kuabudu na kutoa dhabihu.

Angalia sana maneno hayo, kila mwaka. Mstari wa 7 unasema mambo haya yalirudiwa mwaka baada ya mwaka. Hana hakulia mara moja. Safari ambayo kwa wengine ilikuwa sikukuu, kwake ilikuwa siku ya kuaibishwa. Wakati nyama inagawanywa, Penina anapokea mafungu yake na ya watoto wake, wana kwa mabinti. Hapo ndipo kila mtu anaona nani ana watu wa kuhesabiwa na nani hana. Elkana alimpenda Hana na kumpa fungu maalum. Lakini nyama ya upendo haikuondoa uchungu. Penina alimchokoza makusudi, na Biblia inasema Hana alilia na hakula chakula.

Mumewe akajaribu kumfariji. Akamuuliza kwa nini analia, kwa nini hali, na kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Alikuwa mume mzuri. Lakini wanaume wenzangu, tukubali, swali hilo halikusaidia. Kuna uchungu ambao hata mume mzuri hawezi kuufikia kwa maneno.

Penina wa leo yuko wapi? Anaweza kuwa wifi anayeuliza kila Krismasi, "Na nyinyi mnangoja nini?" Anaweza kuwa mwenzako mliyemaliza chuo pamoja, sasa anaweka picha za gari jipya kwenye simu. Wakati mwingine Penina hata hajui kwamba ni Penina. Anasema tu kwa mdomo mwepesi, na wewe chakula kinakataa kupita kooni.

Shika jambo moja hapo: Hana hakula. Tutalirudia.

2. SABURI SI KUNYAMAZA

Wengi tumefundishwa kwamba mtu mwenye saburi halalamiki. Ukimuuliza habari, anajibu, "Nimebarikiwa, Bwana ni mwema," na ndani anaungua. Ukifika mlangoni mwa kanisa unavaa uso wa Jumapili. Ukirudi nyumbani unauvua, unauweka kabatini mpaka wiki ijayo. Kweli ama si kweli?

Hana hakufanya hivyo. Mstari wa 10 unasema aliomba akiwa na uchungu moyoni, akalia sana. Alipoulizwa na kuhani, alieleza kwamba alikuwa anaimimina nafsi yake mbele za Bwana. Ukimimina maji kutoka kwa mtungi, hubakishi nusu ili watu wasione. Unainamisha mtungi mpaka tone la mwisho. Hana alimpelekea Mungu aibu, hasira, wivu, maneno ya Penina, yote.

Ayubu naye anatajwa katika Yakobo 5:11 kama mfano wa uvumilivu. Lakini soma kitabu chake. Ayubu analia, anauliza, anabishana, anataka kusikilizwa, sura baada ya sura. Na bado Mungu anamwita mvumilivu. Kwa nini? Kwa sababu maneno yake makali aliyasema akiwa amegeukia kwa Mungu. Hakuondoka.

Kwa hiyo mpendwa, usione aibu kulia. Mwenye saburi analia na bado anabaki. Asiye na saburi anaweza kutabasamu vizuri sana na awe ameshaondoka moyoni zamani.

Kuna jambo lingine. Biblia haituonyeshi mahali popote Hana akimjibu Penina. Alikuwa na nguvu kidogo tu, na hakuzitumia katika ugomvi. Alizipeleka madhabahuni. Dada, ndugu, hujalazimishwa kujibu kila ujumbe wa kikundi cha familia. Kuna vita vinavyokula chakula cha kusubiri kwako.

3. MWAKA WA KUMI NA MOJA NI MWAKA WA HATARI

Dada yetu alisema yuko katika mwaka wa kumi na moja. Nilipofungua Biblia kumtafutia jibu, nikagongana na hesabu ambayo sikuwahi kuitilia maanani.

Ibrahimu alitoka Harani akiwa na umri wa miaka 75, akiwa na ahadi (Mwanzo 12:4). Alipokuwa amekaa Kanaani miaka 10, Sara alichoka, akampa Hajiri (Mwanzo 16:3). Ishmaeli alipozaliwa, Ibrahimu alikuwa na miaka 86. Hesabu mwenyewe. Kutoka 75 mpaka 86 ni miaka kumi na moja. Isaka alikuja Ibrahimu akiwa na miaka 100. Ile njia ya mkato haikupunguza hata siku moja ya kusubiri. Iliongeza machozi tu, ya Sara, ya Hajiri, na ya kijana aliyefukuzwa nyumbani na mama yake.

Tukichoka kusubiri, njia za mkato hujipanga mlangoni kama boda boda kwenye stegi. Kijana asiye na kazi anaweka karo ya dada yake kwenye kamari, kwa sababu amesikia jirani alishinda. Baba anakopa kwa simu ili alipe mkopo mwingine wa simu. Mgonjwa anaenda usiku kwa mganga na asubuhi anaimba kwaya. Na dada yetu aliniambia jambo lililoniuma. Kuna mtu aliyejiita mtumishi wa Mungu, alimpigia simu na kumwambia tumbo lake limefungwa, litafunguka akituma mbegu kwa M-Pesa. Alituma. Akaambiwa aongeze. Akaongeza pesa ya chama.

Wacha niseme waziwazi. Baraka ya Mungu hainunuliwi. Sadaka ni ibada, ni shukrani, si hongo ya kumharakisha Mungu. Hana alimwekea Mungu nadhiri, lakini aliiweka kati yake na Mungu, na hakuna mwanadamu aliyepata faida mfukoni. Anayekuuzia jibu la maombi anajua jambo moja tu kukuhusu, kwamba umechoka. Usimpe uchovu wako aule.

4. ALIKULA KABLA YA JIBU

Sasa tuje kwenye kiini. Eli kuhani alikuwa ameketi pale akimwangalia Hana. Midomo inatikisika, sauti haitoki. Akamdhania amelewa, akamkemea. Yaani hata mtumishi wa Mungu alimkosea! Nikisoma hapo ninajiona mimi mwenyewe. Lakini Hana hakukasirika akatoka hekaluni. Alijieleza kwa heshima. Na Eli akabadilika. Akamwambia aende kwa amani, na Mungu wa Israeli ampe alichoomba.

Angalia vizuri Eli alisema nini na hakusema nini. Hakujua hata ni kitu gani Hana ameomba. Hakutaja mwezi. Hakutaja Desemba. Alimpa amani na kumkabidhi kwa Mungu. Basi. Kazi ya kuhani iliishia hapo, na ingekuwa vizuri ya kwangu nayo ingeishia hapo.

Kisha mstari wa 18. Ndugu zangu, nimeusoma mstari huu miaka mingi bila kuuona. Unasema Hana alienda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena.

Akala! Yule ambaye katika mstari wa 7 hakula, katika mstari wa 18 anakula. Ni nini kimebadilika katikati? Tumbo lake ni lile lile. Penina bado yuko pale na watoto wake. Shilo ni ile ile. Nyama ni ile ile. Samweli hajatungwa mimba. Mstari wa 19 na wa 20 ndiyo inayoeleza kwamba Bwana alimkumbuka na kwamba wakati ulipowadia alizaa. Kwa hiyo uso ulibadilika kabla ya tumbo. Furaha ilifika kabla ya jibu.

Hapa ndipo nilipopata jibu la swali la mlangoni. Kabla ziive, mvumilivu anakula nini? Anakula amani ya kujua kwamba amesikiwa. Hana hakuondoka Shilo na mtoto. Aliondoka na uhakika kwamba mzigo wake sasa uko mikononi mwa Mwingine. Aliingia akiwa ameubeba peke yake, akatoka wakiwa wawili wanaoujua, yeye na Mungu. Na moyo ukitulia, chakula kinapita.

Kiswahili chetu kina maneno mawili tunayoyachanganya, raha na furaha. Raha huja na kitu. Mvua ikinyesha, mshahara ukiingia, mtoto akizaliwa, tunapata raha, na si vibaya. Lakini kitu kikiondoka, raha huondoka nacho. Furaha ambayo Biblia inasema ni tunda la Roho. Soma Wagalatia 5:22. Hapo furaha na uvumilivu zimetajwa pamoja, na Paulo anaita vyote tunda, si matunda. Ni kama kichane kimoja cha ndizi. Hatuvumilii kwanza ili tupewe furaha baadaye kama malipo. Vyote viwili hukua pamoja kwenye mgomba mmoja, na mgomba huo ni kukaa ndani ya Kristo.

Nikupe ushuhuda mfupi. Nikiwa kijana nilizunguka na bahasha ya kaki miaka mitano nikitafuta kazi. Kila ofisi, "tutakupigia simu." Nilianza kumkasirikia Mungu. Nilikuja maombi ya Alhamisi lakini nilikuja kudai. Siku moja mama mzee wa kanisa, ambaye hakujua kusoma, aliniuliza, "Mwanangu, wewe unamsubiri Mungu ama unasubiri kazi?" Nilikasirika. Nikaona ananichezea. Lakini baadaye nikagundua kwamba kwa miaka mitano nilikuwa nimemfanya Mungu kuwa karani wa kunipokelea barua. Nilianza kumwomba upya, kwa ajili yake mwenyewe. Kazi ilikuja baada ya miaka miwili zaidi, na haikuwa ile niliyotaka. Lakini furaha ilikuwa imetangulia. Hata mama yangu aliniuliza, "Umepata kazi?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi mbona unaimba?"

5. ALIRUDI NYUMBANI

Mstari wa 19 unatuambia waliamka asubuhi na mapema, wakaabudu, kisha wakarudi nyumbani kwao Rama. Hana hakujenga kibanda Shilo kusubiri muujiza. Aliabudu, akarudi kwa mumewe, akaendelea na maisha ya kawaida. Na Mungu alimkumbuka katika maisha hayo ya kawaida. Samweli hakuanguka kutoka mawinguni, alizaliwa katika nyumba ya mume na mke.

Yakobo 5:7 inatuonyesha mkulima anayesubiri mazao ya thamani mpaka ardhi ipate mvua ya kwanza na ya mwisho. Wakulima wetu wa Trans Nzoia wanalijua somo hili kuliko mimi. Mahindi hupandwa mvua ndefu zikianza, karibu Machi ama Aprili, na kule nyanda za juu mengi huvunwa Oktoba na kuendelea. Katikati hapo mkulima hakai kitako. Anapalilia, anaweka mbolea, anachunguza viwavi. Lakini pia hafukui mbegu kila asubuhi kuona kama imeota! Kuna sehemu yake na kuna sehemu ya Mungu, na hekima ni kujua mpaka uko wapi.

Kwa hiyo mgonjwa, nenda hospitali, meza dawa, na uombe. Mke na mume mnaosubiri mtoto, nendeni wote wawili kwa daktari, si mke peke yake, maana mara nyingi shida iko kwa mwanamume na lawama inabebwa na mwanamke. Kijana, peleka barua za kazi na ujifunze ufundi. Kufanya hivyo si kukosa imani. Imani haiogopi daktari wala jembe. Mwaka 2023 nchi yetu iliona kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, jinsi watu mamia walivyokufa kwa kufundishwa kwamba kujinyima chakula mpaka kufa ndiyo imani. Hiyo haikuwa saburi. Mungu wa Hana alimfanya Hana ale.

6. NA JIBU LISIPOKUJA?

Hapa nataka tuwe wakweli. Somo lingekuwa rahisi kama ningeishia kwa Samweli kuzaliwa. Lakini kuna watu katika kanisa hili walioomba na mgonjwa akafa. Kuna waliosubiri mtoto na umri ukapita. Tuwaambie nini?

Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe. Haukuondolewa. Aliambiwa neema inamtosha (2 Wakorintho 12:8-9). Waebrania 11 inataja mashujaa wa imani, kisha mstari wa 39 unasema kwamba hata wao hawakuipokea ile ahadi. Walikufa wakiwa bado wanatazama mbele. Na hakuna mahali Biblia inasema imani yao ilikuwa ndogo.

Habakuki ndiye anayenishika zaidi. Katika sura ya 3, mstari wa 17, anahesabu hasara sita: mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba, kondoo, ng'ombe. Vyote vimekwisha. Ndugu zetu wa Marsabit, Turkana na Wajir wanaisoma orodha hii bila kuhitaji mhubiri awafafanulie. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022, kaskazini mwa nchi misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana. Mtu alitoka na kundi la mifugo, akabaki na fimbo. Na baada ya hasara zote sita, Habakuki anasema katika mstari wa 18 kwamba atamfurahia Bwana.

Tafadhali usisome vibaya. Habakuki hasemi anafurahia zizi tupu. Zizi tupu ni huzuni, na katika mstari wa 16 amekiri kwamba midomo yake inatetemeka na mifupa inaoza kwa hofu. Anachosema ni kwamba Mungu hakuwa ndani ya zizi, kwa hiyo zizi likiisha, Mungu hajaisha. Hiyo ndiyo furaha ambayo ukame hauifikii. Inatetemeka, lakini iko.

Kwa hiyo kama jibu lako litakuwa hapana, ama litakuja kwa sura usiyoitaka, bado kuna chakula mezani. Hujaitwa kula peke yako. Na sisi kanisa tuna wajibu hapa. Tusimuulize mjane amekosea wapi. Tusimhesabie dada yetu miaka. Tukae naye. Mara nyingi faraja ya Mungu hutumwa kwa mkono wa mtu aliyeleta uji na akanyamaza.

MAMBO MATATU YA KUFANYA WIKI HII

Kwanza, mimina. Tafuta saa moja peke yako na Mungu, na umwambie jambo lako lote kwa lugha ya mama yako, bila maneno ya kanisa. Kama una hasira, mwambie una hasira.

Pili, kula. Chagua kitu kimoja kizuri ulichokiacha kwa sababu ya huzuni ya kusubiri. Labda uliacha kuimba. Labda uliacha kutembelea rafiki ambaye amepata kile ulichokosa. Kirudie kama tendo la imani.

Tatu, palilia. Fanya hatua moja ya kawaida iliyo upande wako wa mpaka: piga simu, nenda kliniki, andika barua, panda mbegu. Kisha ulale.

KWA KUMALIZIA

Dada yetu wa mlangoni nilimweleza mambo haya baada ya wiki mbili. Nilimwomba msamaha kwa yale makesha matatu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Asante, Pasta. Nilifikiri ni mimi."

Alhamisi iliyopita akina mama walikuwa wanaenda kumwona mtoto wa jirani yake. Kwa miaka minne alikuwa amekwepa ziara kama hizo. Anatuma pesa, anasema ana kazi. Safari hii alienda. Alipika chapati mwenyewe, akazibeba. Mama Pasta alikuwepo, akaniambia kwamba dada alimpakata mtoto, akamwombea, akamrudisha kwa mamake. Kisha akaoshwa mikono, akakaa na wenzake, akala, akacheka.

Mwaka wa kumi na moja unaendelea. Bado tunaomba, na hatujataja mwezi. Lakini amekula.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika 1 Samweli 1, ni nini kilibadilika kati ya mstari wa 7 na mstari wa 18? Ni nini hakikubadilika?
2. Ni njia gani za mkato zinazowavuta watu wa mtaa wetu wanapochoka kusubiri? Tunawezaje kusaidiana bila kuhukumiana?
3. Je, umewahi kuwa Penina kwa mtu bila kujua? Ama Eli? Ulirekebisha vipi?
4. Kuna mtu katika kikundi chenu anayesubiri jambo kwa muda mrefu? Mtakula naye lini?

MSTARI WA KUKARIRI: Warumi 12:12. Fungua Biblia yako, uusome kwa sauti kila asubuhi wiki hii. Utakuta furaha, saburi na maombi vimepangwa katika mstari mmoja.

MAOMBI

Baba, wewe unajua tunachosubiri, na unajua tumechoka. Leo tunamimina yote mbele zako. Tusamehe njia za mkato, na utusamehe sisi watumishi tuliotaja tarehe ambazo hukututuma. Tupe amani uliyompa Hana kabla hujampa Samweli. Tufundishe kupalilia sehemu yetu na kukuachia mvua. Na kama zizi litabaki tupu, ubaki nasi wewe. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.